Fungueni Sava ya VAR!

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu hifadhidata, lakini hifadhidata zitangoja. Kuna jambo linaniwasha na nisipolitoa litanipasua kifua. Ni hii VAR, refa msaidizi wa video, na jinsi wakubwa wa kandanda wanavyowajibu mashabiki wanaoilalamikia.

Kila mara mashabiki wakipiga kelele, majibu huwa mawili. Kundi la kwanza husema: nyinyi mashabiki hamjui sheria, mnalia tu kwa sababu timu yenu imefungwa. Kundi la pili husema: basi itupeni hiyo mashine yote, turudi kwa refa, filimbi yake na macho yake mawili.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kutwa nzima nashinda na mifumo inayoharibika na watu waliokasirishwa na mifumo inayoharibika. Na nawaambia makundi yote mawili yamebisha mlango usiokuwa wenyewe. Mashabiki wana haki ya kukasirika, na kamera haina hatia. Kilichooza ni mfumo uliojengwa kuizunguka kamera: jinsi watu wanavyozungumza ndani yake, jinsi unavyojidai kujua usichokijua, na jinsi unavyofichwa. Dawa yake sisi Wakenya tunaijua kwa jina. Fungueni sava!

Tulikotoka

Kabla hamjaniita adui wa teknolojia, tukumbushane. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Uingereza ilikuwa nyuma mabao 2-1 dhidi ya Ujerumani. Frank Lampard akapiga shuti, likagonga mwamba wa juu, likadunda ndani ya goli, tena ndani kabisa. Dunia nzima iliona. Refa hakuona, na msaidizi wake hakuona. Ujerumani ikashinda 4-1. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 18 Novemba 2009, Thierry Henry aliushika mpira kwa mkono jijini Paris, akampa William Gallas akafunga, na Ireland ikakosa tiketi ya Kombe la Dunia.

Kwa hivyo anayesema turudi kule anataka turudi mahali ambapo mtu aliyeketi mbele ya runinga kule Kakamega alijua ukweli kabla ya refa aliyesimama uwanjani. Hilo halikubaliki. Nami sikatai takwimu za wenyewe: mwaka 2024 Ligi Kuu ya Uingereza ilisema kwamba usahihi wa maamuzi makubwa umepanda kutoka asilimia 82 hadi asilimia 96 tangu VAR ianze. Sawa, nakubali.

Tena angalieni ile teknolojia ya mstari wa goli. Iliidhinishwa Julai 2012, ikaingia Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2013/14, kisha Kombe la Dunia la 2014. Mpira ukivuka mstari wote, saa ya refa inatetemeka ndani ya sekunde moja. Basi. Hakuna anayerusha viti, hakuna anayeandika barua. Iliwahi kukwama, tarehe 17 Juni 2020, Aston Villa ikicheza na Sheffield United: kipa wa Villa alivuka mstari akiwa ameukumbatia mpira, na saa ikanyamaza kwa sababu wachezaji na mlingoti walikuwa wamezikinga kamera. Kampuni ya Hawk-Eye ikajitokeza siku hiyo hiyo, ikaomba radhi na kueleza kilichotokea. Villa iliponea kushuka daraja kwa pointi moja tu msimu huo! Na bado mashabiki hawakudai mashine hiyo ing'olewe.

Kwa nini? Kwa sababu inajibu swali moja lenye jibu moja, inajibu upesi, na ikikosea inaeleza. VAR inashindwa katika yote matatu. Hebu tuichambue kama tunavyochambua programu yenye hitilafu.

Hitilafu ya kwanza: watu hawasikilizani

Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham dhidi ya Liverpool, dakika ya 34, 0-0. Luis Díaz anafunga. Mshika kibendera anasema ameotea. Chumba cha VAR kinaangalia picha, kinachora mistari, na kinaona wazi kwamba Díaz hakuotea. Bao halali kabisa.

Sasa sikiliza kichekesho. Mkuu wa VAR alidhani kwamba uamuzi wa uwanjani ulikuwa ni bao. Kwa hivyo alipoona Díaz yuko sawa, akamwambia refa kwamba ukaguzi umekamilika, yaani uamuzi wako ni sahihi. Refa naye uamuzi wake ulikuwa kuotea! Akapiga filimbi, mpira wa adhabu ukachezwa, mchezo ukaendelea. Ni yule fundi wa kurudisha picha aliyeshtuka na kuuliza kama kweli wameridhika, maana uwanjani waliamua kuotea. Wakatambua kosa. Lakini sheria haikuwaruhusu kurudi nyuma mchezo ukishaanza tena, kwa hivyo wakakaa pale na ukweli wao mkononi. Liverpool ikafungwa 2-1, bao la mwisho wakijifunga wenyewe katika dakika za nyongeza.

Chama cha marefa wa kulipwa, PGMOL, kikasema ni kosa kubwa la kibinadamu.

Hapo ndipo damu yangu inachemka. Kosa la kibinadamu! Katika kazi yetu, mtu akibonyeza kitufe kisichofaa kwa sababu vitufe viwili vinafanana, hatumlaumu mtu. Tunamlaumu aliyetengeneza vitufe. Neno "ukaguzi umekamilika" lilikuwa na maana mbili zinazopingana, kutegemea anayesikia anadhani nini. Huo si udhaifu wa mwanadamu mmoja aliyechoka siku ya Jumamosi. Ni ubovu wa itifaki.

Fikiria M-Pesa, ambayo tumekuwa nayo tangu 2007. Nyanya yangu kule shambani akituma shilingi 200, simu inamwonyesha jina la anayetumiwa kabla pesa haijaondoka. Ikiondoka, yeye anapata ujumbe, na aliyetumiwa anapata ujumbe, kila mmoja na kiasi na saa. Akikosea, kuna njia ya kuomba irudishwe. Kwa shilingi 200! Kule Stockley Park, magharibi mwa London, ndani ya chumba chenye skrini za mamilioni, mambo hayo hayakuwepo: hakuna kurudia uamuzi kwa sauti kabla ya kuufunga, wala njia ya kurudi nyuma hata kwa sekunde kumi. Nyanya ana itifaki bora kuliko ligi ya kandanda iliyo tajiri kuliko zote duniani.

Na isiwe tunadhani ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Tarehe 11 Februari 2023 Arsenal ilitoka sare 1-1 na Brentford kwa sababu bao la kusawazisha liliingia baada ya mchezaji wa Brentford kuotea, na VAR haikuchora mistari ya kumkagua. Walisahau! Siku hiyo hiyo, katika mechi ya Crystal Palace na Brighton, mstari ulichorwa kwa beki asiyefaa, na bao halali la Brighton likafutwa. Mechi mbili, siku moja, mashine ile ile. Wanabunduki wa Nairobi bado wana kidonda.

Programu yoyote ya kujaza fomu inakukatalia kuendelea ukiacha sehemu ya lazima wazi. Inakuwekea alama nyekundu na kusema: hujajaza hapa. Je, ni vigumu kiasi gani kuuzuia mfumo kusema "umekamilika" kabla mistari haijachorwa?

Hitilafu ya pili: usahihi wa uongo

Tuje kwa kuotea. Hapa nawaomba mvumilie hesabu kidogo, ni za darasa la nane tu.

Picha za runinga ambazo VAR imezitumia kwa miaka mingi hupigwa 50 kwa kila sekunde. Kati ya picha moja na nyingine kuna sekunde 0.02. Mguu unapougusa mpira, huenda ukaugusa katikati ya picha mbili. Fundi atachagua iliyo karibu zaidi, kwa hivyo anaweza kuwa nje kwa hadi nusu ya nafasi hiyo, yaani sekunde 0.01.

Ni kidogo? Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 8 katika muda huo. Beki naye anapanda juu kumtega, tuseme mita 4 kwa sekunde kuelekea upande mwingine. Ongeza sentimita 4. Jumla sentimita 12. Hiyo ni kabla hatujauliza bega linaishia wapi ndani ya jezi, na picha ina ukungu kwa sababu mtu anakimbia.

Basi tarehe 2 Novemba 2019 bao la Roberto Firmino dhidi ya Aston Villa lilifutwa kwa sababu ya kwapa. Kwapa! Mashine isiyoweza kuapa kwa sentimita 12 inatoa hukumu ya kwapa, kisha inatuchorea mstari mwembamba kama uzi, mwekundu na wa bluu, ili tuamini. Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha pili akipima urefu kwa rula ya sentimita na kuandika jibu la milimita mia, mwalimu anamkata alama. Ligi ikifanya hivyo inaitwa sayansi.

Wenyewe walijua. Msimu wa 2021/22 Ligi Kuu ya Uingereza ilinenepesha mistari, na mistari ikigusana mshambuliaji anasamehewa. Sasa jiulize: kama mistari ya awali ilikuwa ya kweli, waliinenepesha kwa nini? Na kama haikuwa ya kweli, yale mabao ya misimu miwili ya mwanzo yalifutwa kwa haki gani?

Mtaniambia mambo yamebadilika. Ni kweli. Qatar 2022 walileta mfumo wa kuotea unaojiendesha nusu: kamera 12 chini ya paa, alama 29 kwenye mwili wa kila mchezaji zikipimwa mara 50 kwa sekunde, na kihisi ndani ya mpira kikituma data mara 500 kwa sekunde. Napenda sana kazi hiyo, kama fundi naivulia kofia. Kihisi kile kimepunguza shaka ya lini mpira uliguswa kutoka sekunde 0.02 hadi sekunde 0.002. Ligi Kuu ya Uingereza nayo iliuanza mfumo wa aina hiyo Aprili 2025.

Lakini kule Qatar mwili bado ulipimwa mara 50 kwa sekunde. Kati ya kipimo na kipimo, programu lazima ikisie. Kukisia si dhambi, sisi sote tunakisia. Dhambi ni kukisia kisha kuonyesha katuni ya kupendeza yenye ukuta wa kioo kana kwamba Mungu mwenyewe amepiga picha. Siku ile ya Novemba kule Qatar ambayo Argentina ilifungwa 2-1 na Saudia, tarehe 22, mabao matatu ya Argentina yalifutwa kwa kuotea. Moja la Lautaro Martínez lilifutwa kwa bega. Tulionyeshwa katuni. Hatukuonyeshwa shaka.

Kriketi ilitatua jambo hili zamani. Wakenya tuliofuatilia timu yetu ikifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 tunaujua mchezo huo. Mfumo wao wa kukagua maamuzi ulizinduliwa rasmi 2009, na ndani yake kuna kitu kinaitwa uamuzi wa amiri wa uwanjani. Mashine inakadiria mpira ungeelekea wapi. Ukigonga kijiti kwa ukingo tu, mashine inasema: hapa sina uhakika wa kutosha, uamuzi wa mwanadamu ubaki. Hiyo ndiyo mashine yenye adabu! Inajua mahali ambapo elimu yake inaishia. VAR ya kandanda ikisema jambo hilo hilo, nusu ya hasira za mashabiki kuhusu kuotea zitakufa siku hiyo.

Hitilafu ya tatu: maelezo ya kazi hayaeleweki

VAR iliandikwa ndani ya sheria za mchezo mwaka 2018. Wakati huo iliruhusiwa kuingilia mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumwadhibu mtu asiyehusika. Na iingilie tu pale ambapo kuna kosa la wazi na dhahiri, au tukio kubwa lililopita bila kuonekana.

Wazi kwa nani?

Kila mtunzi wa programu amewahi kukutana na mteja wa aina hii. Unamwuliza anataka nini, anakwambia nataka programu nzuri. Unajenga. Anakuja, anasema hii si nzuri. Ukimwuliza nzuri ni ipi, anasema utaijua ukiiona. Mradi kama huo hauishi, na hela hulipwi.

"Kosa la wazi" ndilo agizo la mteja huyo. Watu wawili waliosoma sheria moja wataangalia beki akimvuta mshambuliaji jezi, mmoja aone penalti, mwingine aone mchezo wa kiume. Jumamosi mvuto huo ni penalti, Jumapili si penalti, na Jumatatu unaambiwa yote mawili yalikuwa sawa kwa sababu kizingiti cha kuingilia kiko juu. Kizingiti hicho kiko wapi? Kinapimwaje? Shabiki hana habari. Ndiyo maana anahisi anaibiwa hata siku ambayo haibiwi. Haki ambayo huwezi kuitabiri haina tofauti na bahati nasibu, na bahati nasibu vijana wetu wanayo ya kutosha katika mikeka yao ya kubeti.

Ndiyo, nimegusa kubeti. Kijana wa Umoja aliyeweka mia moja kwenye mechi ya Uingereza hana timu wala mjumbe kule Stockley Park, lakini uamuzi wa chumba kile unamfikia mfukoni. Simsifu kwa kubeti. Nasema tu kwamba watu walioguswa na mfumo huu ni wengi kuliko wanaoingia uwanjani, na wote wanaambiwa wanyamaze.

Hitilafu ya nne: giza

Aliyelipa tiketi ndiye wa mwisho kujua. Bao linaingia, watu wanarukaruka, kisha refa anaweka kidole sikioni. Kimya. Dakika moja. Mbili. Tarehe 1 Machi 2025, katika Kombe la FA, Bournemouth na Wolves walingoja takriban dakika nane kukaguliwa bao moja, kwa sababu wachezaji walikuwa wamerundikana na ule mfumo mpya haukuweza kuwatenganisha. Dakika nane! Hata ofisi ya serikali siku ya "sistimu iko chini" inakuambia sistimu iko chini.

Raga wanafanya tofauti. Sisi tunaotazama raga tunamsikia refa akizungumza na mwenzake wa video moja kwa moja: ameona nini, anataka kuangalia nini, anaelekea kuamua nini. Unaweza kutokubaliana naye, lakini huwezi kusema kuna njama. Kandanda imejikokota: Kombe la Dunia la wanawake la 2023 kule Australia na New Zealand, marefa walitangaza uamuzi kwa kipaza sauti, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata msimu wa 2025/26. Ni hatua. Lakini wanatangaza hukumu tu, si mazungumzo yaliyoizaa. Sauti za chumbani zenyewe huwa tunapewa chache, siku kadhaa baadaye, katika kipindi cha runinga ambacho mkuu wa marefa Howard Webb alianza kukifanya mwaka 2023. Ile ya Díaz ilitolewa siku ya tatu, baada ya Liverpool kuidai.

Wenzangu wa fani hii mnajua. Kumbukumbu za mfumo ambazo mwenye mfumo anachagua zipi uzione si kumbukumbu. Ni matangazo ya biashara.

Na sisi Wakenya, jamani, hatuhitaji kufundishwa somo hili. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi ifungue sava zake zikaguliwe. Hazikufunguliwa ipasavyo, na hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika hukumu ya kufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Sisemi nani alishinda, siasa nawaachia wenyewe. Nasema kanuni: mfumo ukikataa kukaguliwa, hata kama hesabu zake ni sahihi, hakuna atakayeziamini. Mficha uchi hazai.

Ndiyo maana kule Norway, Julai 2024, mashabiki walirusha keki za samaki uwanjani hadi mechi ya Rosenborg na Lillestrøm ikavunjwa. Ndiyo maana Uswidi, ambako wanachama wana kauli kubwa katika klabu zao, waliikataa VAR mwaka huo huo. Uingereza nayo Wolves waliomba ifutwe, Juni 2024, wakashindwa kura 19 kwa 1. Watu hawarushi samaki kwa sababu ya sentimita. Wanarusha kwa sababu hakuna anayewajibu.

Na sisi huku?

Afrika tuna kisa chetu. Tarehe 31 Mei 2019, mjini Radès, fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa, Espérance ya Tunisia dhidi ya Wydad ya Morocco. Kule Rabat walitoka 1-1. Espérance inaongoza 1-0, Wydad inasawazisha kwa kichwa, bao linafutwa. Wydad wanataka VAR. VAR haifanyi kazi! Mashine iko pale pembeni kama mapambo. Wydad wakagoma, mechi ikasimama zaidi ya saa moja, Espérance ikapewa kombe. Kisha CAF ikaamuru mechi irudiwe nje ya Tunisia, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaitengua amri hiyo, kesi zikaendelea hadi 2020, na kombe likabaki Tunis. Yote kwa sababu hakukuwa na mpango unaoeleweka wa nini kitafanyika mashine ikizimika. Sisi hatupeleki hata tovuti ya saluni hewani bila nakala ya akiba.

Kwa hivyo ninaposikia wakubwa na mashabiki wetu wakisema dawa ya kandanda ya Kenya ni kununua VAR, nauliza: mtainunua na nini ndani yake? Tuliiona Kasarani Agosti 2025 wakati wa CHAN, ililetwa na CAF na ikaondoka na CAF. Kombe la Afrika la 2027, ambalo CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania, nalo litakuja na mashine zake. Kipya kinyemi. Lakini ligi ya nyumbani ina ugonjwa mwingine. Mwaka 2018 mwanahabari wa Ghana Anas Aremeyaw Anas alitoa filamu ya marefa wa Afrika wakipokea fedha, na mmoja wao alikuwa Mkenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia kule Urusi. Hakwenda. Sasa niambie, ukimtoa refa wa namna hiyo uwanjani ukamfungia chumbani mbele ya skrini, bila kipaza sauti, bila kumbukumbu, umeponya nini? Umempa rushwa kivuli cha kukalia.

Kama tunataka video, ipo njia ya bei nafuu. FIFA imekuwa ikijaribu mfumo unaoitwa FVS. Hauna chumba wala marefa wa ziada. Kocha ana nafasi mbili za kuomba marudio, refa anakwenda mwenyewe kuangalia skrini pembeni mwa uwanja, na kocha akiwa sahihi habanduliwi nafasi yake. Ulitumika katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 kule Colombia mwaka 2024. Kamera chache zinatosha, na kila mtu uwanjani anaona nani ameomba na nani ameamua. Hiyo inatufaa zaidi kuliko kuiga Stockley Park pamoja na giza lake.

Basi madai yangu ni haya, na ningeyaandika kama orodha ya kazi ya Jumatatu asubuhi:

1. Kabla ya uamuzi kufungwa, refa na chumba warudie wote wawili, kwa sauti na kwa maneno kamili: "bao" au "si bao". Neno "umekamilika" lifutwe.

2. Kosa likigunduliwa kabla mambo hayajaenda mbali, sheria iruhusu kurudi nyuma. Sekunde thelathini zinatosha.

3. Kila mstari wa kuotea uonyeshwe na kiasi cha shaka yake. Ukiangukia ndani ya shaka, uamuzi wa uwanjani ubaki.

4. Ukaguzi uwe na kikomo cha muda. Usipoona kosa ndani ya dakika mbili, basi halikuwa wazi, kwa maneno yenu wenyewe.

5. Sauti zote za chumbani zitolewe baada ya kila mechi. Zote, pamoja na zile za siku mlizopatia.

6. Mashine ikizimika, manahodha na uwanja mzima waambiwe papo hapo.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji kamera mpya au fedha za Qatar. Ni mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya tarakilishi anafundishwa. Ligi yenye mabilioni ikikataa kuyafanya, tusiambiwe ni ugumu wa teknolojia. Ni kutotaka kuonekana.

Haya, nimetua mzigo. Wale wa PGMOL wakipita hapa, karibuni mjibu. Na wewe msomaji, hasa kama wewe ni refa au umewahi kupuliza filimbi hata mechi ya kijijini, niandikie hapo chini uniambie nimesahau dai gani la saba. Wiki ijayo turudi kwa hifadhidata.